Ujirani na Uzima wa Taifa

Watu wawili wakutanapo njiani katika nchi yetu hawaulizani kwanza habari za mali. Huulizana habari za uzima. "Hujambo?" asema mmoja, na mwenziwe akisha kujibu kwamba hajambo, maswali hayakomi hapo. Watu wa nyumbani je? Watoto je? Mzee aliyekuwa hawezi amepata nafuu? Mgeni asiyezijua desturi zetu huweza kudhani kwamba hayo ni maneno ya kupoteza wakati. Sisi twaona kwamba ndani yake mna fikira nzito juu ya afya. Anayeulizwa hali yake huulizwa pamoja na hali ya watu wake, kana kwamba jibu lake halijatimia maadamu nyumbani kwake kuna mtu aliyelala mkekani.

Hata neno lenyewe la uzima lina mafunzo. Kitu kizima ni kile kisichomeguka. Mtu mzima ni yule aliyetimia umri na akili. Na mtu akiwa mzima, maana yake hana ugonjwa, tena yu hai. Lugha yetu imeyakusanya mambo hayo katika neno moja: afya, uhai na ukamilifu. Basi yafaa tujiulize swali ambalo lugha imetuachia. Je, mtu aweza kuwa mzima peke yake? Na kama hawezi, upweke wa jirani yetu ni jambo lake mwenyewe, ni jambo letu, au ni jambo la Serikali? Hilo ndilo swali la insha hii. Si swali la waganga peke yao, kwani jibu lake linahusu namna tunavyoishi na namna tunavyopanga sera za nchi.

Wako watakaosema kwamba swali hili ni la bure. Afya, watasema, hutokana na chakula bora, maji safi, chanjo na dawa. Malaria huletwa na mbu, kipindupindu huletwa na vijidudu, na upendo wa jirani haujapata kuua kijidudu hata kimoja. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuna haja ya kuyapinga. Lakini tuyafuate mpaka mwisho wake. Mbu yule amezaliwa katika dimbwi lililo nyuma ya nyumba ya nani? Kijidudu kile kimetoka kwenye choo cha nani, au kwenye kichaka cha nani asiye na choo? Na homa ilipompanda mtoto usiku wa manane, mama yake alikuwa na mlango wa kugonga, au alikuwa hana? Ukiyafuata maswali hayo utaona kwamba ugonjwa huanza katika mwili wa mtu mmoja, lakini njia aliyopita mpaka akaugua, na njia atakayopita mpaka apone, zote zimepita katika uwanja wa watu wengine.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamelichunguza jambo hili kwa hesabu. Katika wilaya ya Alameda, jimbo la California huko Marekani, watu wazima wapatao 7,000 waliulizwa mwaka 1965 juu ya afya zao na mwenendo wa maisha yao: kama wameoa au kuolewa, kama wana ndugu na marafiki wanaoonana nao, kama wamo katika dini au katika chama chochote. Wakafuatiliwa kwa muda wa miaka 9. Lisa Berkman na Leonard Syme walipotangaza matokeo mwaka 1979, ilionekana kwamba watu waliokuwa na mafungamano machache kuliko wote walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wale waliokuwa na mafungamano mengi. Mtu aweza kuuliza: je, si wagonjwa ndio waliopoteza marafiki kwa sababu ya ugonjwa wao? Watafiti walilifikiria jambo hilo. Wakalinganisha watu waliokuwa na hali sawa ya afya tangu mwanzo, wakatenga pia athari za sigara, pombe na kipato. Tofauti ilibaki. Na mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya pamoja tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona jambo lile lile: waliofungamana na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa kiasi cha nusu.

Mfano mwingine ni mji mdogo wa Roseto, katika jimbo la Pennsylvania, uliojengwa na wahamiaji kutoka kijiji kimoja cha Italia. Waganga walipouchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1960 walishangaa kuona kwamba watu wa mji huo walikufa kwa maradhi ya moyo kwa nadra kuliko majirani zao wa mji wa Bangor, ilhali walivuta tumbaku na kula mafuta kama watu wengine. Walichokiona cha pekee ni namna ya kuishi: babu, mwana na mjukuu katika nyumba moja, watu kutembeleana kila jioni, na mwenye mali kuona haya kujionyesha mbele ya asiye nacho. Miaka ilipopita vijana wakajenga nyumba za mbalimbali zenye nyua za kutengana, na desturi ya kutembeleana ikafifia. Kufikia miaka ya 1970 tofauti ile ya maradhi ilikuwa imekwisha toweka. Mji mmoja hautoshi kuthibitisha kanuni, na wako waliotilia shaka baadhi ya hoja za uchunguzi huo. Lakini mji huo ukiwekwa kando ya hesabu za Alameda na nyinginezo, unatupa sura ya jambo ambalo tarakimu peke yake haziwezi kutuonyesha.

Sisi Watanzania tunao mfano wetu, tena ni mfano wa sera ya nchi. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya na Radio Tanzania, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika makumi ya maelfu ya vikundi, chini ya miembe, katika madarasa na katika vibaraza, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Baada ya majadiliano ilifuata kazi: kufyeka, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Wengi waliokuwapo huikumbuka sauti ya redio. Twadhani yafaa kukumbuka zaidi kile kilichotokea redio ilipozimwa. Watu walibaki wamekaa wakitazamana. Mtu hakuamuriwa na bwana afya aliyekuja na daftari la faini, kama ilivyokuwa katika siku za ukoloni. Aliahidi mbele ya jirani zake kwamba atachimba choo, nao wakaahidi mbele yake. Ahadi ya namna hiyo ina nguvu ambayo sheria haina.

Tena choo ni mwalimu mzuri wa falsafa hii. Mtu akinunua kanzu, kanzu ile humsitiri yeye. Lakini akichimba choo, anamkinga mtoto wa jirani kuliko anavyojikinga yeye mwenyewe. Na yeye naye hukingwa na choo cha jirani. Kaya tisa zenye vyoo haziwezi kujihesabu kuwa salama ikiwa ya kumi haina. Chanjo nayo ni vivyo hivyo. Ili surua isienee, watoto wapatao 95 katika kila 100 hupaswa kuwa wamechanjwa. Wakifikia kiasi hicho, hata kitoto kichanga ambacho umri wake wa kuchanjwa haujafika hukingwa na miili ya wenzake. Hapa ndipo tunapoona kwamba baadhi ya mambo mema hayawezi kumilikiwa na mtu mmoja. Ama ni ya wote, ama si ya mtu yeyote.

Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, alieleza kwamba katika jamii zetu za asili usalama wa mtu haukutokana na akiba aliyojiwekea, bali ulitokana na jamii aliyokuwa mmoja wao. Na uongozi wa nchi tangu Uhuru ulitaja maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Twathubutu kusema kwamba adui wa tatu anaye msaidizi ambaye hakutajwa, naye ni upweke. Mgonjwa mpweke huchelewa kupelekwa zahanati. Huacha dawa katikati. Hula vibaya kwa kuwa hakuna wa kumpikia. Huzuni na hofu ya siku nyingi nazo hazikai moyoni tu: huharibu usingizi, hupandisha shinikizo la damu, hudhoofisha mwili wote. Wahenga waliposema kwamba mtu ni watu, walikuwa wakisema jambo ambalo leo hupimwa hospitalini.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari tusije tukaimba sifa za zamani kana kwamba zamani hapakuwa na machozi. Mshikamano una upande wake wa giza. Jamii iliyoshikamana sana yaweza kushikamana dhidi ya mtu mmoja. Wenye ukoma walitengwa mbali na watu wao. Katika sehemu za Usukumani, katika miaka ya 1970 na hata baadaye, vikongwe wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na mara nyingine ushahidi uliotolewa ulikuwa macho mekundu. Macho ambayo yalikuwa yamewiva kwa moshi wa kuni na samadi baada ya miaka ya kuwapikia wanao na wajukuu zao. Wauaji wao hawakuwa watu waliokosa umoja. Walikuwa na umoja, na umoja ule ulijengwa juu ya kaburi la bibi kizee. Ugonjwa wa UKIMWI ulipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wako waliowakimbia ndugu zao, wakawatengea vikombe na kuwanong'ona. Lakini pia mwaka 1989 ilianzishwa WAMATA, jumuiya iliyowakusanya walio katika mapambano na ugonjwa huo pamoja na jamaa zao, wakati ambapo dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijapatikana. Jamii ni ile ile moja. Iliyobadilika ni mahali ilipochora mpaka wake. Kwa hiyo twaweka kanuni ya kwanza: mshikamano unaoleta uzima hupimwa kwa hali ya yule ambaye ni rahisi kumtupa nje. Umoja unaomtoa mtu kafara ili upate kudumu ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Kanuni ya pili tumeipata katika historia yetu wenyewe. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati haviwezi kumfuata kila mtu katika shamba lake la mbali. Na kweli mamilioni ya watu walisogezewa huduma ambazo baba zao hawakuziota. Lakini katika sehemu kadha nguvu zilitumika, nyumba zikabomolewa au kuchomwa moto, na watu wakashushwa kutoka kwenye malori mahali wasipomjua jirani wa kulia wala wa kushoto. Ndipo tulipojifunza kwamba nyumba kuwa karibu ni jambo moja, na mioyo kuwa karibu ni jambo jingine. Serikali yaweza kupanga nyumba katika mistari iliyonyooka kwa muda wa juma moja. Ujirani hauwezi kupangwa hivyo. Huota polepole, kama mnazi, na mkono unaouharakisha huuvunja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetusukuma kuandika. Katika kijiji kimoja tulichopata kufundisha alikuwako mzee mmoja fundi seremala. Nusu ya madawati ya shule yetu yalitoka mikononi mwake. Alianza kukohoa wakati wa mvua za vuli, akakonda, akaacha kwenda kwenye banda lake la kazi. Sisi walimu tulipita mbele ya mlango wake kila siku asubuhi na jioni. Tulimsalimu, "Shikamoo, Mzee," naye akaitika, "Marahaba, wanangu," tukauliza hali, akasema ataendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu. Hospitali ya wilaya ilikuwa safari ya nusu siku kwa basi. Nauli hakuwa nayo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima zake, hakuomba. Nasi hatukumwuliza. Alikufa kabla ya masika.

Siku ile alipokufa kijiji kizima kilisimama. Kabla ya jua kuchwa daftari la mchango lilikuwa limejaa majina. Yalipatikana mahindi, maharage, mchele, sukari, na ng'ombe mmoja. Zilipatikana mbao za jeneza na sanda. Lilipatikana hata gari, likatumwa kwenda kuwachukua jamaa zake wa mbali. Watu walikaa matanga siku tatu, na watani wake walifanya mizaha yao mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Hapana aliyetega. Basi jioni ya siku ya tatu mjukuu wa marehemu, kijana wa kidato cha pili, alikaa karibu nasi, akauliza kwa sauti ya chini, bila ya hasira, "Mwalimu, fedha hizi zote zilikuwa wapi babu alipokuwa hai?"

Hatukuwa na jibu. Na mpaka leo twaona kwamba swali lile ni zito kuliko mengi yaliyoulizwa na wanafalsafa. Wala si la kijiji kile tu. Utafiti uliofanywa mkoani Kagera katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiteketeza kaya, ulionyesha kwamba kwa wastani kaya zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwa mazishi kuliko zilizotumia kwa matibabu ya marehemu.

Kwa nini iwe hivyo? Si kwa sababu watu wetu hawana huruma, kwani machozi ya matanga yale hayakuwa ya uongo. Twadhani sababu ni kwamba kifo kina desturi, na ugonjwa hauna. Kifo kina siku yake na saa yake. Kila mtu hujua aende wapi, alete nini, akae muda gani. Kina daftari lake na mweka hazina wake. Kina pia adhabu yake, maana asiyezika wenziwe hujua kwamba naye hatazikwa. Lakini ugonjwa, hasa ugonjwa mrefu, hauna tarehe. Hauna mpiga mbiu. Mgonjwa huficha kwa kuona haya, na jirani hujizuia kuuliza kwa kuogopa kuonekana mdadisi. Hivyo heshima ya huyu na adabu ya yule hukutana mlangoni, na katikati yao mtu hufa. Tuna msemo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi tulimfaa mzee yule baada ya dhiki yake kwisha.

Basi fikira yetu ni hii. Mshikamano tunao; ulio mbali na kutosha ni wakati wake. Umechelewa. Nguvu ile ile inayochimba kaburi kwa saa mbili ingeweza kumbeba mgonjwa miezi mitatu mapema, kama ingepewa desturi ya kuifuata. Hilo liwezekana, kwani desturi hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitungwa na watu waliokuwa na haja. Katika mapambano na kifua kikuu, ambayo nchi yetu iliyapangia mpango wa taifa tangu mwaka 1977 kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, na ambayo yalipata kuwa mfano kwa mataifa mengine, ilijulikana kwamba dawa za miezi mingi huachwa njiani ikiwa mgonjwa hana mtu wa kumtazama. Kwa hiyo ikawekwa kanuni kwamba mtu mwingine ashuhudie dawa zikimezwa. Na baadaye mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kumeza dawa nyumbani kwake, mbele ya ndugu au jirani aliyemteua mwenyewe. Tazama jinsi jambo hili lilivyo dogo: mtu mmoja, bilauri ya maji, na dakika tano kila siku. Lakini kwa dakika hizo tano ujirani umepewa kazi, umepewa saa, na umepewa jina.

Hapa yatubidi tuseme neno juu ya Serikali, maana upo uovu mmoja unaoweza kujificha nyuma ya maneno mazuri kama haya. Mtawala aliyeishiwa na fedha, au aliyeishiwa na nia, aweza kusema: "Wananchi wana utamaduni wa kusaidiana, basi wasaidiane." Huko ni kuutwisha ujirani mzigo usio wake. Jirani hawezi kutengeneza chanjo. Hawezi kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Hawezi kuvuta maji kutoka mtoni umbali wa maili kumi, wala kumsomesha mganga. Taifa letu lilipopata Uhuru mwaka 1961 lilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na upungufu ule haukuondolewa kwa salamu za asubuhi. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa haki: kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao, na kwamba Serikali zinawajibika kwa afya ya watu wao. Anayechukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili, hasemi habari za utamaduni, anakwepa deni.

Vilevile Serikali haiwezi kufanya kazi yake vema pasipo ujirani. Mwaka 1993 nchi yetu ilipoanza mpango wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, iliwekwa misamaha kwa ajili ya watu wasiojiweza. Lakini maskini ahitajiye msamaha huhitaji mtu wa kumshuhudia kwamba ni maskini: kiongozi wa kijiji au wa mtaa anayemjua, na barua iliyoandikwa. Maskini aliye peke yake ndiye anayekosa shahidi. Hivyo hata huruma ya Serikali hupita katika mlango wa jirani, na mlango huo ukifungwa, huruma hubaki ofisini. Ndiyo maana twaamini kwamba kila sera, iwe ya nyumba, ya barabara, ya mashule au ya ardhi, yapasa iulizwe swali moja kabla ya kupitishwa: je, itawakutanisha watu au itawatawanya? Soko likihamishwa, bibi wauza mboga hupoteza wateja, na pia hupoteza wale ambao wangegundua kwamba leo hakuja.

Na bima ya afya, ambayo kwayo ilitungwa sheria ya kuwafikia wananchi wote mwaka 2023, ni kitu gani kama si daftari la matanga lililofunguliwa kabla ya msiba? Watu wasiojuana, Mmakonde wa Newala na Mhaya wa Muleba, huweka fedha mahali pamoja wakiwa wazima, ili yule atakayeugua kwanza asimwangukie mtu miguuni. Huo ni ujirani ulioivuka mipaka ya ukoo na kabila. Lakini hauwezi kudumu ikiwa wenye nacho watajitoa na kujitafutia matibabu yao mahali pengine, na kuwaacha maskini wabebane wenyewe kwa wenyewe. Jifya moja haliinjiki chungu. Na mafiga matatu nayo hayafai kitu ikiwa moja ni refu mno na mawili ni mafupi mno. Tofauti kubwa ya mapato huvunja ujirani taratibu, hata pasipo ugomvi, kwani watu wasiokunywa maji ya kisima kimoja huacha kuulizana habari za kisima.

Mataifa yaliyotutangulia kwa utajiri yamekwisha anza kulipia kosa hili. Mwaka 2018 Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke wa wananchi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume juu ya mafungamano ya watu, ikiwa ni dalili kwamba upweke sasa huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoua. Tusiwacheke. Katika miji yetu wamo wapangaji wanaokaa miaka mitatu wakitenganishwa na ukuta mmoja, na hawajuani majina. Zipo nyua zenye kuta ndefu na vigae vya chupa juu yake. Wapo wazee walioachwa vijijini na watoto walio mbali, ambao hutumiwa fedha kwa simu kila mwezi na hawana wa kuwachotea maji. Fedha ile ni njema, lakini haigongi mlango.

Walimu na wanafunzi watakaoisoma insha hii huenda wakauliza wao wanaweza kufanya nini, maana sera hazipo mikononi mwao. Tungewashauri waanze na kitu kidogo. Darasa moja na lichore ramani ya mtaa au kitongoji kilichoizunguka shule, na kuweka alama penye kila nyumba inayokaliwa na mtu mmoja, au na mgonjwa, au na mzee. Kazi hiyo ifanywe kwa adabu, kwa idhini ya wenye nyumba, na bila ya kumtangaza mtu. Kisha wajadili kama shule, balozi na zahanati vinaweza kutunga desturi ya ugonjwa, kama wazee walivyotunga desturi ya msiba: nani apite, siku gani, aulize nini, na daftari likae kwa nani. Wakikosea watarekebisha. Desturi zote zilianza hivyo.

Nasi kwa upande wetu tumejifunza kutoridhika na jibu la kwanza la salamu. Mtu akituambia kwamba hajambo, na sauti yake inasema vingine, tunakaa kitako na kuuliza tena. Yule kijana wa kidato cha pili sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Hatujapata kumjibu swali lake, na twajua kwamba hakuna jibu la maneno litakalomtosha. Tunachoweza ni kutazama kama mlango wa jirani yetu umefunguliwa leo asubuhi, na kama haukufunguliwa, tusipite.